Mguu Mmoja kwa Lenzi Ndefu: Vidokezo kwa Wapigapicha wa Thika na Ruiru

Anayepiga picha kwa lenzi ndefu hutumia muda mwingi akisubiri. Awe kando ya mstari wa Uwanja wa Thika au chini ya miti ya Mto Chania, kamera huwa juu kwa dakika nzima bila kitufe kubonyezwa, na kubonyeza kwenyewe huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mkono huchoka kabla tukio halijafika. Likifika, picha inatoka na ukungu, na mwenyewe anailaumu lenzi, tena anaanza kuweka akiba ya kununua nyingine iliyo ghali zaidi.

Mimi nasema aanze na monopodi, ile fimbo ya mguu mmoja inayokunjika. Ni ya bei nafuu ukiilinganisha na lenzi yoyote, inaingia kwenye matatu bila kumsumbua abiria mwenzako, na inakubalika mahali pengi ambapo tripodi hukatazwa. Hivi hapa ni vidokezo vya kuitumia huku kwetu, kuanzia Ruiru hadi Kilimambogo.

1. Fahamu itakusaidia wapi. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isishuke chini ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 400 inataka angalau 1/400 ya sekunde. Kamera yenye sensa ndogo inaongeza masharti: zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon, uwe kwenye 1/640 hivi. Monopodi hukulegezea masharti hayo kwa hatua mbili, pengine tatu ukishaizoea. Ile 1/400 inageuka 1/100. Kwa ndege aliyetua kivulini, ISO inaweza kushuka kutoka 6400 hadi 1600, na manyoya yake yakaonekana vizuri badala ya kumezwa na chengachenga.

Sasa shika hili: monopodi inaituliza kamera tu. Mshambuliaji anayekimbia bado anahitaji 1/1000 au zaidi, uwe na fimbo au usiwe nayo. Wengi huinunua wakidhani itawagandisha wachezaji, kisha wanaitupa chini ya kitanda.

2. Funga lenzi, kamera ifuate. Lenzi ndefu nzito huja na pete yenye kiguu chake, na hicho kiguu ndicho cha kufungwa kwenye monopodi. Ukifunga kamera yenyewe, uzito wote wa lenzi unaning'inia mbele na kuvuta mahali lenzi inaposhikana na kamera. Sigma ya milimita 150-600, ile ya Contemporary, ina uzito wa kilo 1.9 hivi, Nikon ya 200-500 ni kilo 2.3. Huo si uzito wa kuachia kipete cha chuma kiubebe chenyewe.

3. Fungua sehemu nene kwanza. Monopodi huwa na vipande vinne au vitano vinavyoingiana. Vile vinene ndivyo imara, kile chembamba cha chini ndicho kinachopinda. Anza kufungua juu, acha chembamba hadi mwisho, na ikiwezekana usikifungue kabisa. Ukisimama wima, kioo cha kamera kifike jichoni bila kuinama. Ongeza sentimita chache juu ya hapo, kwa sababu fimbo utaiinamisha.

4. Simama kwa mafiga. Hapa ndipo tofauti kubwa inapopatikana, na ndipo watu hawajifunzi. Wengi husimama miguu pamoja, fimbo imesimama wima mbele ya pua kama mlingoti, wakishangaa kwa nini picha bado zinayumba. Fimbo moja huanguka upande wowote. Miguu yako miwili na fimbo ndiyo mafiga matatu, na chungu hukaa pale yakipangwa vizuri.

Weka ncha ya fimbo mbele yako, umbali wa hatua moja. Tanua miguu, mmoja kulia na mwingine kushoto, hadi zile ncha tatu zitengeneze pembetatu. Inamisha fimbo ije upande wako, kisha wewe uiegemee kidogo kwa mbele, kamera ikigandamana na mfupa wa juu ya jicho. Viwiko vibane mbavuni. Toa pumzi nusu, kaa, bonyeza taratibu. Kama kamera yako inapiga mfululizo, piga picha tatu au nne kwa mpigo: ile ya kwanza mara nyingi hubeba mtikisiko wa kidole, na zinazofuata hutulia.

Ukijua utasubiri sana, geuza mtindo. Pitisha fimbo katikati ya miguu, ncha yake iguse upande wa ndani wa kiatu cha nyuma, na mwili wa fimbo uegemee paja. Unakuwa umeifunga kwenye mwili wako. Ni polepole kugeuka, lakini utasimama hivyo muda mrefu bila bega kulalamika.

5. Mkono wa kushoto usistarehe. Fimbo ikishabeba uzito, mkono wa kushoto huanza kuzurura. Mara umeshika mkanda, mara uko mfukoni. Uweke juu ya lenzi, kwenye ile pete au mbele yake kidogo, na uigandamize chini kwa upole. Mgandamizo huo unaiua mitetemo midogo ambayo fimbo peke yake haiwezi kuimaliza.

Mkono huo una kazi kubwa kwa mpigapicha, na kila ninapomfundisha mtu jambo hili humkumbuka mpigapicha wa habari Mohamed Amin. Mzaliwa huyu wa Nairobi alipoteza mkono wake wa kushoto mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, akafungwa mkono bandia na kurudi kazini na kamera yake hadi kifo chake mwaka 1996. Sisi tulio na mikono yote miwili tuitumie.

6. Kwenye kandanda, fimbo ni ya dakika ya 80. Mechi nyingi za ligi huanza saa tisa alasiri. Kipindi cha kwanza kila mtu ana nguvu. Baada ya mapumziko, kilo tatu za kamera na lenzi huanza kuongea, na mabao ya mwisho hupatikana kwa wale ambao kamera yao iko tayari jichoni. Hapo ndipo monopodi inapolipa gharama yake, hata kama shata iko kwenye 1/1000 na mtikisiko si tatizo.

Kaa chini. Kiti kidogo cha kukunja nyuma ya mstari wa goli, karibu na kibendera cha kona, fimbo imefupishwa iwe kati ya magoti. Ukiwa chini, mchezaji anaonekana mrefu na nyuma yake panaonekana mashabiki au anga, badala ya nyasi tupu. Nenda kwenye mechi za wanawake pia: Ruiru kuna Zetech Sparks wa Chuo Kikuu cha Zetech. Mara nyingi nafasi kando ya mstari ni tele, na wachezaji hao wanastahili picha nzuri kama wengine.

Uwanja ukiwa wa nyasi halisi, tumia ncha ya chuma. Ukiwa wa nyasi bandia, rudisha ncha ya mpira haraka kabla mwenye uwanja hajakuona unatoboa zulia lake.

7. Picha ya wima: legeza pete. Usiilaze fimbo ubavuni ili kupata picha ya wima. Legeza skrubu ya pete ya lenzi, zungusha kamera robo duara, kaza. Fanya mazoezi ya jambo hili nyumbani hadi vidole vijue njia bila macho.

8. Jihadhari na daraja linalotetemeka. Barabara Kuu ya Thika ina madaraja ya wapita njia ambayo yanampa mpigapicha mwonekano mzuri wa magari yanayotiririka jioni. Lakini daraja hutikiswa na kila anayepita juu yake, na monopodi iliyosimama sakafuni huleta mtikisiko wote huo hadi kwenye lenzi. Vivyo hivyo majukwaa ya mbao na ya vyuma kwenye sherehe. Dawa yake: ncha ya fimbo iweke juu ya kiatu chako, au itie kwenye kijifuko cha mkanda kiunoni. Mwili wako unameza sehemu kubwa ya mtetemo. Watu wakianza kupita kwa wingi, subiri wapite.

9. Bodaboda ni mwalimu mzuri. Kuna picha ambayo monopodi inaipiga vizuri kuliko mkono mtupu na kuliko tripodi: chombo kinachopita kasi, chenyewe kimetulia, nyuma yake pamechorwa mistari. Simama mahali salama mbali na ukingo wa lami, chagua bodaboda anayekuja, punguza shata hadi 1/60, na mfuate kwa kuzungusha kiuno huku fimbo ikizunguka kwenye ncha yake. Bonyeza katikati ya mzunguko, na usisimame ukishabonyeza. Fimbo inazuia kupanda na kushuka, wewe unashughulika na kulia na kushoto tu.

Kuhusu kizuia-mtikisiko kilichomo kwenye lenzi: ukiwa na monopodi, kiache kikifanya kazi. Ushauri wa kukizima unahusu tripodi. Kwa picha hii ya kufuata, kiweke kwenye hali ya pili kama lenzi yako ni Canon, ili kiache kupigana na mzunguko unaoutaka.

10. Blue Posts: subira na kivuli. Hoteli hii ya mwaka 1908 iko pale mito ya Chania na Thika inapokaribiana, na maporomoko ya mito yote miwili yako jirani. Watu hupiga maporomoko kwa simu, wakaondoka. Mwenye lenzi ndefu ana kazi nyingine: mdiria anayevizia samaki kwenye tawi, fundichuma anayetembea kwenye maji ya kina kifupi, kwarara wanaopita juu wakipiga kelele zao. Mwanga chini ya miti ni hafifu hata saa sita mchana, na hapo zile hatua mbili za monopodi zina thamani kubwa.

Lenga tawi ambalo ndege amekwisha kulitumia, kwa sababu mdiria hupenda kurudi palepale. Ukishaweka fremu, acha uzito kwenye fimbo, tazama kwa macho yako juu ya kamera, na urudi kwenye kioo anapotua.

Kama unataka yale maji yanayoonekana laini kama hariri, hapo monopodi haitoshi. Picha hiyo inahitaji nusu sekunde au zaidi. Leta tripodi, au weka kamera kwenye ukuta.

11. Kati ya mistari ya kahawa. Ruiru ndiko nyumbani kwa utafiti wa kahawa wa Kenya, na aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ni kahawa fupi inayopandwa kwa kubananishwa, kama mita 2 kwa 2. Jaribu kutanua tripodi katikati ya mistari hiyo: mguu mmoja unanasa tawi, mwingine unakanyaga matunda. Fimbo moja inapita. Omba ruhusa ya mwenye shamba, ingia asubuhi wakati wachumaji wanaanza kazi, na simama mbali kiasi kwamba lenzi ya 200 inakupa mikono na matunda mekundu bila kumfanya mtu aache kazi akutazame.

Udongo mwekundu wa huko ukilowa wakati wa mvua za Machi hadi Mei, ncha ya fimbo inazama polepole, na fremu yako inashuka nayo. Tembea na kipande cha ubao au kifuniko cha kopo la rangi. Kiweke chini ya ncha.

12. Fourteen Falls: mpira mguuni, mkanda shingoni. Maporomoko haya ya Mto Athi yana vijana wanaoruka kutoka juu ya miamba, na hizo ndizo picha za kupiga kwa lenzi ndefu ukiwa ng'ambo. Kubalianeni malipo kabla hajaruka. Shata iwe 1/1000 au juu zaidi, na fimbo ikusaidie kushikilia fremu pale juu wakati kijana anajiandaa. Miamba huteleza. Ncha iwe ya mpira, mkanda wa kamera uwe shingoni, na kamwe usiitumie fimbo kama mkongojo huku kamera ikiwa juu yake. Ukitaka kutembea, vua kamera kwanza.

Na usiiache imesimama peke yake, hata kwa sekunde moja ya kufuta kioo. Zile zenye vijiguu vitatu vidogo chini hudanganya. Lenzi ya kilo mbili huziangusha kwa upepo mdogo.

13. Kilimambogo: badilisha fimbo kwa mfuko. Hifadhi ya Taifa ya Ol Donyo Sabuk ilianzishwa mwaka 1967, na kilele chake kina mita 2,145. Kuna nyati, ndio maana mlima ukapewa jina hilo la Kilimambogo. Kwa hiyo sehemu kubwa utakuwa ndani ya gari. Ukitaka kushuka na kutembea, waulize walinzi wa hifadhi (KWS) langoni. Ndani ya gari monopodi inasumbua. Nunua maharagwe sokoni Thika, shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze robo tatu, uweke kwenye dirisha lililoshushwa nusu na ulaze lenzi juu yake. Zima injini. Mbega wakiwa juu ya miti utashukuru, na jioni maharagwe yanapikika.

14. Joto halina fimbo. Mlima huohuo ukiutazama mchana kutoka upande wa Thika, ng'ambo ya mashamba ya mananasi, utauona ukicheza kwenye lenzi. Ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Hakuna kifaa kinachoizuia. Rudi alfajiri. Asubuhi isiyo na mawingu hata Mlima Kenya huonekana kutoka huku, na saa moja asubuhi hewa bado imetulia.

15. Mahafali: usizibe wazazi. Chuo Kikuu cha Mount Kenya hufanya mahafali yake Thika, na chuo cha mafunzo ya askari magereza kiko Ruiru, ambako gwaride la kufuzu huvuta familia kutoka kila kona ya nchi. Ni kazi nzuri kwa mpigapicha: umbali ni mrefu, hotuba ni nyingi, na tabasamu unalolitaka linakuja mara moja. Lenzi ya 70-200 juu ya monopodi, ukiwa umeketi au pembeni ya safu. Mzazi aliyesafiri usiku kucha ana haki ya kumwona mwanawe kuliko wewe. Fika mapema, mwonyeshe mlinzi wa lango fimbo yako ikiwa imekunjwa na umweleze ni ya nini, kwa sababu kwa mbali inafanana na rungu.

16. Usielekeze lenzi kambini. Hili halina mjadala. Kando ya Barabara ya Thika kuna kambi ya jeshi ya Kahawa, Thika kuna kambi nyingine, na magereza yapo. Lenzi ndefu juu ya fimbo, ikiwa imeelekezwa kwenye ua wa jeshi, inaweza kukufikisha kituo cha polisi kabla hujapata nafasi ya kueleza kuwa ulikuwa unamfuata mwewe. Ndege akielekea huko, shusha kamera.

17. Ukienda kununua, ijaribu kwa uzito wako. Dukani, ifungue yote, kaza kufuli zote, kisha iegemee kwa mikono miwili. Ikiteleza hata kidogo, irudishe. Ibebe angalau uzito mara mbili wa kamera na lenzi yako. Kichwa cha mpira kinachozunguka kila upande usikichukue. Kwenye mguu mmoja kinalegea na lenzi inaanguka ubavuni. Kichwa kinachoinama mbele na nyuma tu kinatosha, na unaweza hata kukosa kichwa. Hakikisha skrubu inaingia kwenye kiguu cha lenzi: nyingi ni za robo inchi, lenzi nzito huwa na tundu la 3/8, na kuna kipete cha kuunganisha.

Ukirudi nyumbani kutoka kwenye vumbi letu jekundu, fungua vipande vyote, vifute kwa kitambaa chenye unyevu, viache vikauke kabla ya kukunja. Mafuta usipake, yanavuta mchanga kwenye kufuli.

18. Huna pesa bado? Kamba. Nenda kwa fundi wa jua kali akutafutie bolti ya robo inchi yenye nyuzi za kamera, akuwekee nati ya kuizuia isiingie zaidi ya milimita 5, ikizidi hapo itaharibu tundu. Funga kwenye bolti hiyo kamba imara iliyo ndefu kukuzidi kidogo. Ingiza bolti kwenye kiguu cha lenzi, kanyaga ncha ya chini ya kamba, vuta kamera juu hadi kamba ikaze, na uendelee kuvuta wakati unabonyeza. Haikubebei uzito, lakini inazuia kamera kupanda na kuyumba, na inakaa mfukoni. Ijaribu leo kwa ndege wa mtaani kwako, kwanza bila kamba, kisha nayo, shata ikiwa ileile, halafu zikuze picha zote mbili kwenye kioo uone jicho la ndege.